Diski za Mzee Gaspar Zilivyogawanywa Kama Nyama ya Mbuzi

Ninyi vijana mnaoshinda mmeinamia simu, hebu inueni shingo kidogo kabla hazijagandia hapo hapo. Nataka kuwapa habari ya kazi. Mimi nilikuwa fundi kompyuta hapa Moshi mjini tangu enzi zile kompyuta moja inabebwa na wanaume wanne, wa tano anaimba ili wasichoke. Mkiniona hivi nimejifunga kanga napukuchua mahindi msinichukulie poa. Hivi vidole vimefufua mashine zilizokwisha kuombewa.

Shule mimi na yeye tulisalimiana tu, tukaachana. Niliingia duka la kompyuta na ufagio mkononi, nafagia, napiga deki, nachungulia. Nimechungulia mpaka macho yakawa na urefu. Yule mwenye duka, Mzee Kundael, mtu wa Machame, akaniambia siku moja, "Mama Siriaki, wewe unafagia sehemu moja tu, pale ninapofungulia mashine. Weka ufagio chini, shika bisibisi." Basi. Sijaurudia ule ufagio mpaka leo, hata nyumbani kwangu wanalalamika.

Mzee Kundael alikuwa mpole kwa binadamu na mkali kwa vidole. Sheria yake ilikuwa moja: mashine ikikuuliza swali, mikono mfukoni kwanza. Usijibu. Kanywe chai, urudi, usome tena. Maana watu wetu wana adabu sana, na adabu ndiyo inayoua mafaili. Alikuja jamaa mmoja kutoka kule mashamba ya sukari, kompyuta imemuuliza, "Nifute vyote?" Akajibu ndiyo. Mzee Kundael akamwuliza, "Sasa kwa nini ulisema ndiyo?" Akasema, "Mzee, nimelelewa hivyo, nikiulizwa na mkubwa naitikia." Picha zake za harusi zikaenda zote. Mkewe akasema sawa, basi tufunge tena, na safari hii nataka gauni refu zaidi.

Hiyo ilikuwa ndogo. Sasa sikilizeni kubwa yao.

Kule juu mlimani Kilema alikuwepo Mzee Gaspar, mpiga video. Kwenye ule mlima hakuna aliyeoa, aliyebatizwa, aliyepata kipaimara wala aliyezikwa bila kamera ya Gaspar kumwona. Mimi nasema hata wingu likitaka kuufunika mlima lilimwomba ruhusa kwanza. Kanda zake zote za miaka na miaka alizihamishia kwenye kompyuta, na kwa kuwa ni nyingi kuliko majani ya mgomba, nilimfungia mwenyewe sanduku la diski nne zinazofanya kazi pamoja, na kadi ya kuziunganisha.

Shikeni hapa, hapa ndipo kazi ilipo. Diski nne za namna hiyo si makabati manne. Ni kwaya ya sauti nne. Picha moja ya bibi harusi, jicho liko kwenye diski hii, pua kwenye ile, shela kwenye nyingine. Ukichukua moja ukaenda nayo peke yake hupati kitu, unapata mtu mmoja anaimba besi barabarani, watu wanamkimbia. Lakini zimepangwa kwa akili: mmoja wa kwaya akiugua, wale watatu waliobaki wanajua wimbo kiasi kwamba wanajaza na sauti yake. Wimbo unakwenda. Wakiugua wawili, hapo hakuna kwaya, kuna makelele.

Mzee Gaspar akafariki. Alizikwa vizuri sana, ila msiba wake ndio pekee mlimani uliokosa video.

Aliacha mjane na watoto wanne: Aloyce mkubwa, Prosper, Felista, na Deo kitinda mimba. Felista alikuwa na cherehani yake mjini, akaifunga, akapanda Kilema kumwuguza baba yake mpaka mwisho. Na Krismasi ya mwisho ya yule mzee, wenzake wameshuka misani, mzee akamwambia, "Felista, shika kamera." Akakaa mbele ya nyumba, akasema maneno yake ya urithi, na video ikahifadhiwa kwenye zile diski pamoja na nyingine. Alisema shamba la chini na ile nyumba ya mbele ni ya Felista.

Ninyi mnajua kwetu kihamba, shamba la ukoo na nyumba yake, kinavyokwenda. Kinakwenda kwa wanaume. Na aliyesikia ni Felista peke yake. Wenzake wakamwambia, dada, hata sisi tungeshika kamera peke yetu tungesikia mambo matamu. Prosper ndiye aliyekuwa juu, yeye alitaka lile shamba ajenge nyumba za kupangisha. Ukoo ukaamua kwamba siku ya pili ya Krismasi, watu wote wakiwa wamerudi nyumbani, Felista aonyeshe hiyo video. Hana video, afungashe arudi na cherehani yake mjini.

Kazi rahisi, si ndiyo? Washa kompyuta, onyesha. Eeh! Deo alikuwa ameshapita.

Deo ni mtoto mwema, ila ana mkono unaowasha. Ile kompyuta ya baba yake ilikuwa ya zamani, kila ikiwaka inamlilia kwamba imezeeka. Deo akaionea huruma, akapiga windo mpya. Mafundi tunaita hivyo, kupiga windo, yaani unabadilisha mfumo mzima wa mashine. Mashine ikawaka, inang'aa kama sufuria ya harusi. Ila diski hazionekani. Harusi zote, vipaimara vyote, marehemu wote, kimya.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo. Ile kadi inayounganisha diski ni ya zamani na windo ni mpya, hazielewani. Ni kama umemkutanisha bibi wa Rombo asiyejua hata Kiswahili na mzungu aliyeteremka ndege jana. Kila mmoja ana akili zake, anayekosekana ni mkalimani. Mkalimani huyo ndiye draiva. Ungeniita mimi siku ile, ningemaliza kabla mtori haujapoa.

Hawakuniita. Walikaa kikao. Aloyce akafungua sanduku, akahesabu diski, akakuta nne. Akasema, "Mashine imekufa. Alichoacha baba kisioze humu ndani. Nyumba ziko nne, diski ziko nne. Mnaona baba alivyokuwa na hesabu?"

Haki ya Mungu, wakazigawa! Mnajua mbuzi akichinjwa kwetu hakuna kugombana, kila kiungo kina mwenyewe tangu mbuzi hajazaliwa. Basi wakagawa hivyo hivyo. Aloyce mkubwa ile ya juu, Prosper ile inayofuata, Deo ya tatu, na ya chini kabisa kwa mama yao. Felista hakupewa hata skrubu. Nimezunguka na bisibisi maisha yangu yote, nimekuta panya ndani ya kompyuta, nimekuta ugali, nimekuta rozari. Diski zimegawanywa kama kidari na paja, sijawahi kuona na sitaona tena.

Felista akateremka mpaka mezani kwangu. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona uso umekunjika kama kanga ya juzi?"

Akanieleza. Nilicheka mpaka nikashika meza. Halafu nikamwona hacheki, nikaacha.

"Mama, zimeshaharibika?"

"Walizima mashine kabla ya kuzitoa?"

"Waliizima. Aloyce aliogopa kupigwa shoti."

"Basi uoga wa kaka yako umekuokoa. Twende tukakusanye nyama."

Kwa Aloyce ilikuwa rahisi. Diski ameiviringisha kwenye kitenge, ameiweka kabatini katikati ya suti zake, inanuka naftalini kuliko suti. Akasema, "Mama Siriaki, mimi nilikuwa naitunza." Nikamwambia umeitunza vizuri mno, nondo hawajaigusa.

Kwa Deo tulipanda Kirua Vunjo, na kule nilizeeka. Nafika mlangoni nakuta diski imechomekwa kwenye televisheni, imewekewa kava la kuunganishia, na mke wa Deo amenyoosha rimoti anaibonyeza kwa hasira. Kwenye kioo imeandikwa kwamba televisheni haiifahamu diski hii, iiandae upya? Yaani iifute! Na yeye anatafuta ndiyo!

"Wewe! Mikono mfukoni!" Nilipiga kelele nadhani hata wapagazi waliokuwa kileleni waliweka mizigo chini.

"Shikamoo mama," akasema, bado anabonyeza. "Hii rimoti haikubali."

Betri zilikuwa zimeisha. Mnasikia? Urithi wa mtu ulikuwa unaning'inia kwenye betri mbovu. Nilichomoa diski, nikaibusu ile rimoti, nikamwambia Deo asije akanunua betri mpaka mimi nife.

Prosper anakaa Soweto ya hapa hapa Moshi. Tulimkuta amekaa barazani. Akatukaribisha vizuri, akaleta soda, nikamweleza nimekuja kuchukua diski.

"Hiyo siitoi, mama."

"Kwa nini, mangi?"

"Niligawiwa. Umeshaona wapi mtu anapewa nyama yake halafu anakuja kuambiwa airudishe kwenye sufuria?"

Felista akamwambia, "Kaka, ni sauti ya baba."

"Kama ni sauti ya baba si iko na wewe kichwani? Umeisikia peke yako, ibaki na wewe peke yako." Akakunywa soda yake, akanitazama mimi. "Eti mama, bila hii yangu, ile mashine itaamka?"

Nikaweka uso wa msiba. Nikamwambia, "Mambo ya mashine, baba, nani anajua." Akatabasamu, mimi nikacheka kwa ndani mpaka soda ikanipalia. Yeye alidhani amekaa juu ya kichwa cha mbuzi, kumbe amekaa juu ya mtu mmoja wa kwaya.

Lakini msinidhanie nililala vizuri. Tatu zinatosha, ndiyo, ila tatu zote ziwe nzima. Ikizimia moja hapo, Felista hana nyumba. Kuna iliyokaa na naftalini, kuna iliyonusurika kwa televisheni, na ile ya mama yao nilikuwa sijaiona.

Mama yao alikuwa ameifukia kwenye gunia la maharage. Nikamwuliza kwa nini maharage. Akasema, "Kitu cha thamani unakiweka pakavu, na mwizi hawezi kumaliza gunia zima." Nikasema huyu alitakiwa kuwa fundi, mimi nibaki na ufagio.

Siku ya pili ya Krismasi Kilema ilijaa. Magari ya kutoka Dar na Arusha yamepangana mpaka kwenye mfongo, ule mfereji wa maji ya shamba, watoto hawajuani na binamu zao, ndizi zinapikwa, mbege iko kwenye mapipa. Televisheni ikatolewa barazani. Baba Mkubwa Herman, kaka wa marehemu, ndiye alikuwa mkubwa wa kikao, amevaa koti la mvua na jua linawaka. Prosper naye akafika na koti lake, amekunja mikono, akasimama nyuma.

Draiva nilikuwa nimeshaiweka. Niliitafuta kama mtu anayetafuta mchumba, mpaka nikapata ile ya kadi yenyewe hasa, si dada yake wala binamu yake. Vijana, andikeni hilo moyoni: kabla hujapiga windo mpya, hakikisha kila kadi iliyomo ina draiva ya hiyo windo. Na ukitoa diski kwenye sanduku lake, chukua kalamu ya wino mzito uandike juu yake ipi ni ya kwanza, ipi ni ya pili. Mimi nilikuwa nimeziandika siku ile ile nilipomfungia mzee, ndiyo maana Aloyce alipozigawa alikuwa anagawa na namba zangu bila kujua.

Nikachomeka tatu, tundu la Prosper nikaliacha wazi. Nikawasha. Kadi ikaanza kuzitaja.

Ikataja mbili.

Nikasikia damu yangu yote inateremka mpaka Himo. Felista alikuwa nyuma yangu, akanishika bega.

"Mbili!" Prosper akasema kule nyuma. "Mama fundi, hesabu vizuri, naona mbili."

"Subiri mangi, hata mchumba hatokei kwa hodi ya kwanza."

Nikazima. Nikachomoa ile ya mama yao, nikaigeuza juani, nikachungulia pale inapochomekwa. Vumbi la maharage! Ganda jembamba kama ukucha wa mtoto mchanga limejibana kwenye meno yake. Msipulizie kwa mdomo, mate yana maji, maji yana kutu. Nilitoa kwenye mkoba mswaki wangu wa kazi, mkavu, haujawahi kuona mdomo, nikasugua polepole kama nampigisha mswaki mtoto wa mfalme. Nikarudisha. Nikawasha.

Tatu.

Kisha kadi ikauliza swali lake, na hili ndilo linalowazika mafundi wengi. Ikasema, hizi diski zina mpangilio ambao mimi siukumbuki, nifanyeje? Nifute mpangilio huo, au niupokee kama ulivyo? Mnajua nilifanya nini? Mbele ya ukoo mzima, nikaweka mikono mfukoni. Nikaomba chai.

"Anakunywa chai?" Baba Mkubwa Herman akauliza.

"Anakunywa," Deo akajibu.

"Sasa?"

"Sasa tunamsubiri."

Nikanywa. Nikarudi. Nikasoma tena neno kwa neno. Nikachagua pokea. Ikasema imepokea, ila kwaya ina mgonjwa mmoja, iendelee hivyo hivyo? Hapo nikajibu ndiyo, ndiyo ya mtu aliyesoma akaelewa. Windo ikafunguka. Mafolda ya Gaspar yakajipanga yote, harusi za watu waliokwisha kuachana, ubatizo wa watu wenye vipara, yote! Nilipiga kigelegele mwenyewe, wanawake wakanipokea bila kujua tunashangilia nini.

Nikaifungua ile ya Krismasi.

Mzee Gaspar akatokea kwenye kioo, amekaa kwenye kiti mbele ya nyumba ile ile, sweta la kijani, amekonda. Mjane wake akaweka mkono mdomoni.

"Felista, imewaka?" mzee akasema. "Taa nyekundu unaiona? Usitikise. Haya. Mimi Gaspar nina akili zangu zote, miguu ndiyo imegoma. Shamba la chini, kutoka mfongo mpaka kwenye masale yale ya mpakani, na nyumba hii mnayoiona nyuma yangu, nimempa Felista. Wavulana nimeshawapa vyao na wameshakula. Huyu ndiye ananiosha. Aloyce utakubali, wewe ni mtu wa haki ukiachwa upumzike. Deo, wewe usiguse kompyuta yangu."

Watu wakaangua kicheko, Deo akatafuta pa kuficha uso.

"Prosper atabisha," mzee akaendelea. "Prosper, nakujua mwanangu. Hapo ulipo umesimama nyuma, umekunja mikono."

Jamani! Watu wote waligeuka kwa pamoja, nusura baraza lipinduke. Na Prosper alikuwa amesimama nyuma, amekunja mikono! Akaifungua haraka kama imeshika moto, hajui aiweke wapi, watoto wakaanza kumcheka, wakubwa wakafuata, mpaka mama yake anacheka na machozi yanashuka.

"Njoo mbele, mwanangu," mzee akasema kwenye kioo. "Usipomkubali dada yako, utakuwa umenikataa mimi. Basi, Felista, zima, betri itaisha."

Prosper alikuja mbele kweli. Alipita katikati ya watu polepole, akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa diski. Alikuwa amekuja nayo! Nadhani alitaka kuishika tu wakati mashine inashindwa. Akaniwekea mkononi, ina joto la mwili wake.

"Ifunge na wenzake, mama," akasema. "Nitamsikia tena?"

"Mara ngapi unataka?"

Nikaichomeka kwenye tundu lake, na taa yake ikaanza kupepesa, wale watatu wanamfundisha mwenzao nyimbo zote alizozikosa. Kazi ya namna hiyo ni ya saa nyingi, ukiona taa inapepesa hivyo usiharakishe wala usizime, kaa ule.

Baba Mkubwa Herman akasimama. Akachota mbege kwa kata. Mnajua pombe haigawiwi kwa watu kabla mwenye kihamba hajaionja, ili wote waone ni salama, na pale kwa Gaspar tangu azikwe aliyekuwa anaonja ni Aloyce. Aloyce akanyoosha mkono kwa mazoea. Baba Mkubwa akampita. Akampita Prosper, akampita Deo. Akasimama mbele ya Felista, akampa kata kwa mikono miwili.

Felista akaipokea, akaitazama, akanywa. Akajifuta povu mdomoni, akawageukia kaka zake.

"Ni nzuri," akasema. "Karibuni kwangu. Kaeni mnywe."